Kabati Lisilolingana: Vyombo vya Kulia, Mirathi na Historia baina ya Pwani na Stockholm

Je, vyombo vya kulia vya nyumba moja lazima vilingane? Sahani zote ziwe za ua moja, kila kikombe kifuate kisahani chake, vijiko, uma na visu viwe vya mpini mmoja? Katika familia zetu zilizohamia Stockholm swali hili huzuka mara tatu. Huzuka kijana anapooa na bibi arusi anapopanga kabati lake la kwanza. Huzuka wageni wanapotarajiwa, siku ya Idi au ya khitma, na sahani zilizopo hazitoshi. Na huzuka mzee anapofariki, nyumba ya kupanga ikabidi irudishwe, na watoto wakasimama jikoni mbele ya kabati lenye sahani ishirini za aina kumi na mbili.

Mara mbili za mwanzo ni suala la ladha na mfuko. Ya tatu ni suala la historia. Sheria ya Uswidi inataka orodha ya mali ya marehemu, iitwayo bouppteckning, iandikwe ndani ya miezi mitatu tangu kifo, kisha ipelekwe kwenye idara ya kodi. Desturi hii ina nguvu ya sheria tangu mwaka 1734, na wanahistoria wa Uswidi wamepata mengi katika orodha za karne ya 18 na 19, kwa kuwa waandishi wake walitaja kijiko cha fedha, sufuria ya shaba na hata shuka iliyochakaa. Siku hizi vyombo vya jikoni kwa kawaida hufungwa pamoja na samani zote chini ya jumla moja ya kronor. Hapo seti iliyokamilika hupata mtu wa kuichukua, na vilivyobaki huingia kwenye maboksi kwenda kwenye masoko ya vitu vilivyotumika, yale ambayo Waswidi huyaita loppis.

Makala haya yanataka kuonyesha kwamba sharti la vyombo kulingana ni changa, kwetu na kwa Waswidi pia, na kwamba kabati lisilolingana la familia ya pwani lina sababu zake, ambazo zinasomeka kama waraka. Anayelitupa kabla ya kulisoma ametupa waraka.

Sinia halina pacha

Tuanze na chakula chenyewe. Kwa karne nyingi mlo wa heshima wa pwani uliliwa kutoka chombo kimoja. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika alivyokaribishwa: wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chano kikubwa cha mti, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi na maembe. Msomaji wa Lamu, Unguja au Barawa anaweza kuutambua mlo huo leo. Panapokuwa na chano kimoja, swali la kulingana halipo. Kinachotazamwa ni mkono: uwe wa kulia, uwe umenawa, na uchukue kilicho karibu yake. Mafundisho hayo ya dini kila mtoto wa pwani ameyapata kabla hajajua kusoma.

Maneno yetu yenyewe yanasimulia vyombo vilikotoka. Sahani ni Kiarabu. Sinia pia ni Kiarabu, na asili yake ni jina la Uchina: ṣīniyya, kitu cha Kichina. Birika limetokana na ibrīq, bilauri na billaur, sufuria na ṣufr, yaani shaba nyeupe au ya manjano. Finjani limepitia Kiarabu likitoka Uajemi. Meza ni neno la Wareno. Chano, chungu, kisu na mwiko ni maneno ya Kibantu. Kabati la maneno halikuwahi kuwa seti moja, wala hakuna aliyeona haya kwa hilo.

Shahidi mwingine ni Sayyida Salme bint Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886, kwa hiyo yeye ni miongoni mwa wahamiaji wa kwanza wa Zanzibar walioandika kuhusu nyumbani wakiwa Ulaya. Anaeleza meza ndefu ya chini ambayo familia ya Sayyid Said iliizunguka ikiwa imeketi chini, na watu wakila kwa mkono. Visu na uma vilitolewa walipokuja wageni wa Kizungu. Jambo hili linastahili kukumbukwa: uma ulikuwapo katika jumba la mfalme, ulijulikana matumizi yake, na uliwekwa kwa ajili ya mgeni aliyeuhitaji. Ulikuwa adabu ya kumkirimu mtu kwa namna aliyoizoea.

Kulingana kwa ukutani

Isidhaniwe kwamba wazee wetu hawakujali mpangilio. Walijali sana, ila mahali pake palikuwa ukutani. Katika nyumba za mawe za Pate, Lamu na Siyu, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa vidaka kwa chokaa, safu juu ya safu, vikilingana kulia na kushoto. Humo ndimo sahani na bakuli za kauri za Uchina zilipowekwa. Sayyida Salme naye anaeleza vyumba vya Unguja vilivyokuwa na rafu zilizojaa bilauri na kauri nzuri, na jinsi watu walivyoshindana kuzipamba. Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyechunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, aliandika kwamba kauri zilihusishwa pia na kinga dhidi ya jicho baya.

Kauri zilitoka ndani ya nyumba zikafika makaburini. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na Mambrui, karibu na Malindi, sahani zilipachikwa kwenye nguzo na kuta za makaburi, na sehemu nyingine zilitiwa katika misikiti. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, kuanguka kwa Pate kunaonekana katika vidaka hivyohivyo: palipokuwa na vyombo sasa pana ndege. Mshairi alijua kwamba msomaji wake angeelewa msiba mara moja, maana kidaka kitupu kilikuwa na maana ya nyumba iliyokwisha.

Kwa nini kauri ikapata cheo hiki, na si fedha kama Ulaya? Sehemu ya jibu iko katika fikihi. Hadithi sahihi zimekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Ni kweli kwamba mirashi na mabuli ya fedha yalikuwapo katika nyumba za matajiri wa Oman na Zanzibar. Lakini katika kula, kitu cha fahari kilichoruhusiwa bila shaka kilikuwa kauri, kuanzia bakuli za Uajemi zilizopakwa rangi ya kung'aa hadi sahani za buluu na nyeupe za Uchina. Mtafiti Jeffrey Fleisher, aliyefukua Pemba, ametoa hoja kwamba bakuli za kigeni katika miji ya kale zilikwenda pamoja na karamu, ambazo wenye nguvu walizitumia kujipatia wafuasi. Chombo kizuri kilikuwa siasa pia.

Hapa ukweli mmoja usifichwe. Sinia moja liliunganisha waliolizunguka, lakini si wote walilizunguka. Wanaume na wanawake walikula mbali mbali, na watumwa hawakukaa kwenye karamu za mabwana zao. Uchimbaji uliofanywa na Sarah Croucher katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ya karne ya 19 umetoa vigae vya bakuli na sahani za viwanda vya Ulaya vikiwa pamoja na vyungu vya udongo vya wenyeji. Kila kigae kilikuwa cha mkono fulani, na mikono hiyo haikuwa na daraja moja. Anayesifu sinia kama ishara ya udugu aongeze na hesabu ya waliokuwa nje ya duara.

Tanuri moja, desturi mbili

Tugeukie nchi tunayoishi. Mwaka 1731 Uswidi ilianzisha Kampuni yake ya Uhindi ya Mashariki, yenye makao Göteborg. Hadi ilipofungwa mwaka 1813 ilikuwa imefanya safari 132, nyingi zikielekea Canton, na ilileta chai, hariri na mamilioni ya vipande vya kauri. Mojawapo ya meli zake, Götheborg, ilizama mwaka 1745 mbele ya bandari ya nyumbani baada ya safari ya Uchina, na wapiga mbizi walitoa vigae kwa tani.

Kauri hizo kwa sehemu kubwa zilitoka Jingdezhen, mji uleule wa matanuri ulioipatia pwani yetu sahani za vidaka na makaburi. Udongo ni mmoja, mikono ni ileile, lakini wanunuzi walitaka vitu tofauti. Familia kubwa za Uswidi, kama ile ya wafanyabiashara wa Grill wa Stockholm, ziliagiza seti kamili zenye nembo ya ukoo wao, sahani baada ya sahani, kila moja sawa na nyingine. Kulingana huko kulikuwa na ujumbe: mgeni alipoketi, nembo ya mwenyeji ilikuwa mbele yake tangu supu hadi matunda. Mtu wa Pate alinunua sahani moja moja kwa kadiri jahazi lilivyoleta, akaipandisha ukutani.

Na Mswidi wa kawaida? Huyo hakuwa na seti. Katika nyumba za wakulima watu walikula uji kutoka bakuli moja katikati ya meza, kila mmoja na kijiko chake cha mti, mara nyingi chenye alama yake. Akimaliza alikifuta na kukichomeka ukutani. Vijiko hivyo visivyofanana vimehifadhiwa katika makumbusho ya Nordiska museet, yaliyoanzishwa Stockholm na Artur Hazelius mwaka 1873. Babu wa jirani yetu wa Kiswidi na babu yetu sisi walikaribiana zaidi kuliko tunavyofikiri.

Seti iliteremka polepole kutoka kwa mabwana hadi kwa watu wa kati, na viwanda ndivyo vilivyoiteremsha. Rörstrand kilianza Stockholm mwaka 1726, na mtaa wa Rörstrandsgatan bado unabeba jina lake. Gustavsberg kilianza kutengeneza vyombo vya udongo kisiwani Värmdö, mashariki ya jiji, katika miaka ya 1820. Mwaka 1917, katika maonyesho ya nyumba yaliyofanyika ukumbi wa Liljevalchs hapa Stockholm, Wilhelm Kåge wa Gustavsberg alionyesha seti yenye maua ya buluu, Liljeblå, iliyokusudiwa wafanyakazi wa viwandani. Nia ilikuwa njema: mfanyakazi naye awe na meza iliyolingana. Lakini waliovutiwa nayo zaidi walikuwa watu wenye kisomo na kipato. Miaka miwili baadaye Gregor Paulsson alichapisha kijitabu chenye wito wa vitu vizuri zaidi vya kila siku, na wito huo ukawa msingi wa sanaa ya viwandani ya Uswidi.

Halafu wabunifu haohao wakaanza kuivunja seti. Mwaka 1933 Kåge alitoa Praktika, vyombo vinavyopangana kimoja juu ya kingine, ambavyo mtu angeweza kununua kimoja kimoja kwa kadiri ya haja. Huko Finland Kaj Franck alikwenda mbali zaidi. Vyombo vyake vya Kilta vilitoka mwaka 1953 katika rangi chache zisizo na maua, na mwenye nyumba alitakiwa achanganye rangi apendavyo. Kiwanda kilichovitengeneza kinaitwa Arabia. Wengi wetu tumeshangaa kuona jina hilo chini ya sahani za loppis na kudhani zilitengenezwa kwa ajili ya Waarabu. Jina ni la kitongoji cha Helsinki, ambako Rörstrand ya Stockholm ilianzisha tawi mwaka 1873 ili kuuza Urusi.

Kwa hiyo mama aliyefika Rinkeby au Tensta akaambiwa na jirani kwamba meza ya kistaarabu ni ya seti moja, aliambiwa desturi ambayo kwa umma wa Uswidi ilikuwa na umri wa vizazi vichache, na ambayo wabunifu wakubwa wa nchi hiyo walikuwa tayari wameipinga.

Kwa nini makabati yetu hayalingani

Sababu ya kwanza ni mirathi. Sheria ya Kiislamu hugawa mali ya marehemu kwa mafungu: mjane ana lake, mama wa marehemu lake, mtoto wa kiume mafungu mawili kwa moja la dada yake. Seti ya sahani kumi na mbili haiwezi kubaki nzima mbele ya warithi saba, isipokuwa warithi wakubaliane mmoja aichukue. Aghalabu iligawanyika, na kila mtoto akaondoka na sahani mbili tatu za mamake. Baada ya vizazi viwili kabati la mjukuu lina sahani za bibi mzaa mama, za bibi mzaa baba na za shangazi asiyekuwa na watoto. Ulaya familia za kibwana zilipendelea mrithi mmoja, na seti ikabaki pamoja naye. Kabati lililolingana mara nyingi ni ushahidi wa aliyenyimwa, na lisilolingana ni ushahidi wa mali iliyogawiwa.

Sababu ya pili ni shughuli. Hakuna nyumba ya pwani yenye vyombo vya kutosha arusi au khitma. Vyombo hukusanywa mtaa mzima, na ndiyo maana chini ya sahani na masinia yetu kuna herufi zilizochorwa kwa msumari, tone la rangi, au rangi ya kucha. Shughuli ikiisha vyombo hurudi kwa wenyewe, isipokuwa vichache vinavyopotea njia, na vingine visivyo vyetu vinavyobaki kwetu. Kila sahani ya kigeni kabatini ni shughuli moja iliyohudhuriwa. Desturi hii imehamia Stockholm: masinia huzunguka kwa treni ya chini ya ardhi kutoka Husby hadi Skärholmen ndani ya mifuko ya bluu ya IKEA, kwa kuwa sinia la watu watano haliingii katika makabati ya juu ya jikoni za ghorofa hizi, na si kila familia huweka lake.

Sababu ya tatu ni safari yenyewe. Waliotoka Zanzibar baada ya Januari 1964, na waliotoka Barawa na Kismayu baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, hawakufunga kabati. Walichukua finjani, mrashi, chetezo, pengine sahani moja iliyofungwa katika kanga. Vilivyobaki walivipata njiani, Mombasa, Dubai, Maskati, kisha katika maduka ya vitu vilivyotumika ya Stockholm. Kabati kama hilo likisomwa kwa mpangilio, ni ramani.

Hoja ya wanaotaka seti

Wapo wasiokubali, na hoja yao ni nzuri. Bibi mmoja atasema: mgeni asipewe sahani iliyokatika ukingo huku mwingine akipewa nzima, vyombo vikiwa sawa hakuna anayedharaulika. Hii ndiyo hoja ya Kåge pia alipomtengenezea mfanyakazi seti yake. Kijana aliyezaliwa hapa atasema kwamba anataka meza yake iwe yake, asibebeshwe historia kila akinywa chai. Naye ana haki. Sinia lilileta usawa kwa chombo kimoja. Sasa kila mtu ana sahani yake, na usawa unatafutwa kwa sahani kufanana. Anayenunua sahani nane mpya zinazofanana hajaisaliti pwani.

Hoja yetu haihusu kinachowekwa mezani. Inahusu kinachotolewa kabatini. Ununuzi wa seti mpya na utupaji wa vyombo vya zamani ni mambo mawili, ingawa katika wiki ya msiba hufanywa kwa siku moja.

Kuandika kabla ya kugawa

Historia ya kale ya pwani yetu haikuandikwa kutokana na seti. James Kirkman huko Gedi tangu mwaka 1948, Neville Chittick huko Kilwa na Manda, Mark Horton huko Shanga, wote walisoma vigae visivyolingana. Baadhi ya kazi hiyo ilikamilika karibu nasi hapa. Chuo Kikuu cha Uppsala, chini ya saa moja kwa treni kutoka Stockholm, ndicho kilichotoa tasnifu ya Felix Chami kuhusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza, mwaka 1994, na ya Abdurahman Juma kuhusu Unguja Ukuu, mwaka 2004. Kipande kimoja cha bakuli la Uajemi kiliweza kusema jambo kwa sababu aliyekifukua aliandika kilipatikana wapi, kina gani, na pamoja na nini. Kigae kisicho na maelezo hayo ni takataka hata kikiwa cha nasaba ya Tang.

Kabati la marehemu linataka kazi ileile. Kabla hakijatoka chombo hata kimoja, kabati lipigwe picha likiwa kama alivyoliacha. Kisha kila chombo kigeuzwe. Nanga ni alama ya Gustavsberg, taji tatu ni za Rörstrand, sanamu ya mnyama mwenye kichwa cha mtu hupatikana kwenye vyombo vya Petrus Regout wa Maastricht, ambavyo viliuzwa sana nchi za mashariki. Herufi zilizochorwa kwa msumari ziandikwe kama zilivyo, maana ni jina la mtu. Halafu aulizwe aliye hai: sahani hii ilitoka kwa nani, ilikuwa ya shughuli gani, iliingia nyumbani mwaka gani? Shangazi wa miaka themanini atajibu kwa chombo yale ambayo hawezi kuyajibu akiulizwa tu habari za zamani. Majibu yaandikwe kwa lugha aliyoyasema, Kiswahili cha Unguja, Kiamu, Kitikuu au Chimwini, na karatasi hiyo iambatishwe nakala ya orodha ya mali inayobaki kwa familia.

Miezi mitatu ya sheria ya Uswidi inatosha kazi hiyo. Baada ya hapo warithi wagawane kwa mafungu yao, na sahani zitengane tena kama zilivyotengana zamani, safari hii kila moja ikiwa na jina.